Gavana na Wanawake wa Mitungi

Gavana Ngumbau Kilundo hakusoma hata ukurasa mmoja wa makaratasi aliyoandaliwa. Injinia Mbithe Nzuve, mkuu wa maji katika kaunti yake ya Kyengani, alikuwa ameyapanga wiki nzima katika faili nne, kila moja na rangi yake. Asubuhi hiyo, walipokuwa wakipanda ngazi za bunge jijini Nairobi, Mbithe alijitahidi kumwambia jambo.

"Mheshimiwa, hii ya kijani ndiyo itakayotuletea maneno. Ni ile habari ya Kavumbu."

"Mbithe, wewe beba," gavana alisema bila kugeuza shingo. "Kazi yako ni kubeba. Kusema ni kazi yangu."

Musembi, katibu wake binafsi, alicheka, na wasaidizi wengine wakacheka kwa sababu Musembi amecheka. Mbithe aliipachika ile faili ya kijani kwapani na kuendelea kupanda.

Kilundo hakuwa na wasiwasi hata chembe. Kamati ya maseneta ilimwita aje aeleze jinsi kaunti yake ilivyotumia pesa za maji, naye alikwenda kama mtu anayekwenda kumsikiliza kasuku. Aliwajua wale watu. Mwenyekiti, Seneta Wafubwa, alikuwa amempigia simu mwezi uliopita, akazunguka mbuyu kwa habari za mvua na mahindi, mwisho akamwombea mpwa wake kazi ya udereva. Mpwa alipewa lori. Yule mnene wa pembeni, kazi yake ilikuwa kupiga meza kamera zikimwelekea na kusinzia zikigeuka. Waliobaki alikuwa amekwisha kuwapima kwa macho na kuwaona wepesi kama makapi. Na mwishoni kabisa mwa meza alikaa Seneta Darare Jillo, mwanamke mwembamba kutoka kaskazini, mwenye ushungi wa rangi ya udongo, aliyeingia bungeni kwa kuteuliwa na chama.

"Na huyu alipigiwa kura na nani?" gavana alimnong'oneza Musembi walipokuwa wakiketi. "Na mumewe?"

"Hata huyo sijui kama alimpigia, mkubwa."

Kikao kilianza. Wafubwa alisoma ripoti ya wakaguzi kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Kwa miaka mitatu Kyengani ilikuwa imelipa zaidi ya shilingi bilioni moja kwa malori ya kusambaza maji, na katika visima themanini vya kaunti hiyo, sitini na vitatu vilikuwa vimekufa. Gavana ana la kusema?

Gavana alikuwa nalo. Alisogeza kipaza sauti, akakohoa kidogo, akaanza.

"Bwana Mwenyekiti, Kyengani si Nairobi. Ninyi hapa mnafungua mfereji, maji yanatoka, mnaoga, mnakuja kutuuliza maswali. Kwetu mvua ni mgeni, ikija inakaa siku mbili inaondoka bila kuaga. Mimi nilikuta watu wanakufa kwa kiu. Nikasema, je, nichimbe mashimo miaka kumi au nimpelekee mama maji mlangoni leo? Nikapeleka! Sera yetu ni hiyo: maji yamfuate mtu, si mtu ayafuate maji. Kama hilo ni kosa, nifungeni."

Wasaidizi wake walipiga makofi, wakakemewa na karani. Seneta mnene alipiga meza, akafoka kwamba pesa za wananchi si pesa za mama yake mtu. Gavana alimtazama mpaka alipomaliza, kisha akasema taratibu, "Asante, Mheshimiwa. Swali ni lipi?" Watu wakaangua kicheko. Mnene akanywea. Hakuwa na swali.

Saa nzima ilikwenda hivyo. Aliyeuliza habari za zabuni alijibiwa habari za ukame. Aliyeuliza habari za ukame alijibiwa kwamba ugatuzi si shule ya msingi, na gavana si mtoto aliyechelewa darasani wa kuulizwa alikuwa wapi. Kila jibu lilipotoka, Wafubwa alitikisa kichwa kama mtu anayeonja mchuzi uliokolea. Gavana alitazama saa yake. Saa saba alikuwa na miadi ya nyama choma na wenye malori, na aliona wazi kwamba atawahi.

Ndipo Darare alipoinua mkono.

"Nina swali dogo, Mwenyekiti. Gavana, pampu ya kisima ikiharibika, kuitengeneza ni shilingi ngapi?"

"Bi. Seneta, mimi ni gavana. Si fundi wa pampu."

Kicheko kingine. Darare alingoja kiishe, na hakuharakisha.

"Kwetu kaskazini mtoto wa miaka saba anajua bei ya kamba ya kisima. Lakini sawa. Mimi nitakuambia. Ni shilingi laki moja na themanini elfu. Nimeambiwa na wanawake wa Kavumbu. Unapajua Kavumbu?"

Gavana alikunja uso. "Ndiko kilikozikwa kitovu changu."

"Mara ya mwisho kwenda ni lini?"

"Huwa nakwenda."

"Wanasema ulikwenda mazishini mwaka juzi kwa helikopta, vumbi likaingia kwenye sufuria za chakula cha waombolezaji."

Safari hii kicheko hakikuwa upande wake. Gavana alimgeukia mwenyekiti. "Tuko hapa kwa mambo ya maana au kwa umbea wa kisimani?"

"Endelea, Seneta," Wafubwa alisema, macho mezani.

Darare akaeleza. Alikuwa amefika Kavumbu wiki iliyopita kwa gari la kukodi, bila kumwambia mtu. Kisima cha huko kilikufa miaka minne iliyopita. Wanawake mia moja na kumi na wawili wakachanga. Mwenye kuku aliuza kuku, mwenye kunde aliuza kunde, mmoja aliuza kitanda chake cha ndoa. Wakamleta fundi, pampu ikatengenezwa, maji yakatoka siku kumi na tisa. Siku ya ishirini walikuja askari wa kaunti na mnyororo, wakakifunga kisima kwa kufuli, wakabandika barua kwamba chini ya sera mpya ya maji hakuna kisima kitakachotumika mpaka kikaguliwe. Huu ulikuwa mwezi wa saba tangu kifungwe, na mkaguzi hajaonekana. Lori la kaunti, ambalo kaunti imekwisha kulilipia, huja Jumanne, na dereva huuza mtungi mmoja kwa shilingi hamsini.

"Siwezi kujua kila kufuli katika kaunti nzima," gavana alisema.

"Barua ina sahihi yako."

"Sahihi yangu iko kila mahali! Maafisa wanaleta makaratasi, natia sahihi, naendelea na kazi. Ukitaka mwenye makosa, yupo." Akageuka kitini, akamnyooshea kidole Mbithe. "Injinia wangu huyo hapo. Mambo ya visima ni yake. Kama alinidanganya nikatia sahihi barua za uongo, nikirudi nyumbani nitamchukulia hatua."

Mbithe alikuwa ameinamisha kichwa juu ya faili zake. Aliposikia hayo aliinua uso, akamtazama gavana jinsi mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga. Hakukuwa na woga katika macho yale, na gavana alichukia kuliona hilo mbele ya watu.

"Injinia, njoo mbele uape," Wafubwa alisema.

Akaja, akaapa, akaweka faili ya kijani juu ya meza.

"Barua ya kufunga kisima uliandika wewe?" Darare aliuliza.

"Hapana, Mheshimiwa. Iliandikwa ofisini kwa gavana. Mimi nilimwandikia mara tatu nikimwomba kufuli liondolewe. Nilieleza kwamba kisima ni kizima na maji nimeyapima mwenyewe, ni safi."

"Alikujibu?"

"Mara mbili za kwanza, hapana. Ya tatu alijibu pembeni mwa barua, kwa kalamu yake."

"Hebu tusomee."

Mbithe aliifungua faili, akaitazama ile karatasi, kisha akasema, "Naomba asome mwenyewe, Mheshimiwa. Mwandiko ni wake. Mimi mdomo wangu haujazoea maneno hayo."

Karani aliichukua karatasi, akampelekea gavana. Kilundo aliikumbuka mara tu alipoiona. Siku ile alikuwa anakula njugu za kukaanga ofisini, Musembi ameketi mkabala naye. Aliandika kwa mzaha, akamwonyesha Musembi, wakacheka mpaka njugu zikamwagika.

"Sina miwani," alisema.

"Iko mfuko wa juu wa koti," Darare alisema.

Ukumbi wote ulikuwa ukimtazama. Alimtazama Wafubwa, akitafuta japo kope ya kumwokoa. Wafubwa alikuwa anakagua kucha zake.

"Soma, Gavana," mwenyekiti alisema. "Kwa sauti, ili iingie katika kumbukumbu."

Akavaa miwani. Akasoma, na sauti ile iliyonguruma saa nzima ikatoka kama ya mtu aliyekabwa na mwiba wa samaki.

"'Usinisumbue tena na kelele za wanawake wa mitungi. Wakichoka kuteka, watalala. Malori yaendelee.'"

Hakuna aliyecheka. Mwandishi wa kumbukumbu aliacha kuandika, akainua kichwa kumwona mwenye maneno hayo. Hata seneta mnene alikuwa macho.

"Hii ni sera, au ni nini?" Darare aliuliza.

Gavana alivua miwani, akaikunja.

"Na malori ni ya nani?"

Kamati ikampa siku kumi na nne alete majina ya wenye malori. Wafubwa, ambaye mpwa wake alikuwa anaendesha mojawapo, ndiye aliyesoma amri hiyo, na aliisoma kwa ukali ambao hakuna aliyejua anao. Walipopishana ukumbini baadaye, gavana alinyoosha mkono amsalimu. Wafubwa alimpita kama anavyopita nguzo. Wenye malori nao walipopigiwa simu kuhusu nyama walisema, mmoja baada ya mwingine, kwamba tumbo linawasumbua.

Kabla jua halijatua, Kyengani nzima ilikuwa imemwona gavana wake kwenye simu akisoma kwa miwani. Waendesha bodaboda waliigiza sauti yake. Kesho yake, akiwa bado anatokota, alimhamisha Mbithe akawe msimamizi wa machinjio mpakani mwa kaunti. Siku tatu baadaye barua ilitoka kwa kamati: anayemdhuru shahidi aliyekula kiapo hufikishwa mahakamani. Mbithe akarudishwa ofisini. Alikuta kiti chake kimeondolewa, akaazima kingine kwa wahasibu, akaendelea na kazi.

"Mkubwa, hii ni sumu inayotibika," Musembi alimwambia gavana. "Twende Kavumbu. Ulifungue lile kufuli kwa mkono wako, watu waone. Wale wanawake ukiwapa maji na fulana, watakuimbia."

Gavana alilipenda wazo hilo. Maskini, aliwaza, hawana kumbukumbu ndefu. Kumbukumbu huhitaji tumbo lililoshiba. Wakaenda na magari saba, hema mbili, wapiga picha, kikundi cha ngoma kutoka mjini, na maboksi ya fulana zenye sura yake. Ufunguo aliubeba mwenyewe.

Walipofika kisimani hakukuwa na kufuli. Wanawake walikuwa wamelikata kwa msumeno wa chuma siku ileile aliyosoma barua, na mnyororo waliufanya wa kufungia ndama. Maji yalikuwa yanatoka. Foleni ilikuwa ndefu, punda kwa punda, mtungi kwa mtungi, na hakuna aliyegeuka kutazama magari.

Hema zikasimamishwa. Viti mia mbili vikapangwa. Kikundi cha ngoma kilipiga, kikacheza, kikachoka. Viti vilikaliwa na chifu, mwalimu mkuu na vizee wawili waliotaka kivuli. Gavana akashika kipaza sauti.

"Mama zangu wa Kavumbu! Mimi ni mtoto wenu! Nimewaletea maji!"

Mwanamke mmoja alikuwa anateka. Ndoo yake ilijaa, akaiondoa, mwenzake akaweka yake. Gavana akasema mengine, juu ya amani, juu ya maadui wa maendeleo kutoka nje ya kaunti. Maneno yalitoka kwenye spika, yakapita juu ya vichwa vyao, yakaenda vichakani. Alikuwa amezoea kuzomewa, na mzomeaji anajulikana dawa yake, hutukanwa au hununuliwa. Hawa hakujua awafanye nini.

Mwishowe bibi mmoja mrefu, Nthoki, mweka hazina wa ule mchango, alitoka kwenye foleni akaja mpaka chini ya hema. Wapiga picha wakamkimbilia. Gavana akashusha kipaza sauti, uso umechangamka, mikono tayari kumkumbatia.

"Naam, mwaitu! Sema, mama yangu."

"Gavana," Nthoki alisema, "gari lako limeziba njia ya punda. Lisogezeni."

Akarudi kwenye nafasi yake.

Gavana aliingia garini, dereva akalisogeza, na halikusimama tena mpaka makao makuu ya kaunti. Fulana zilirudi na maboksi yake. Majina ya wenye malori yalipelekwa kwa kamati siku ya kumi na nne, na mikataba ikavunjwa, maana mawili kati ya majina hayo yalikuwa ya mashemeji zake. Pesa zilizobaki zilikwenda visimani. Mpaka mvua za mwaka uliofuata Mbithe alikuwa amefufua visima ishirini na viwili, na kila kimoja aliandika gharama yake kwa rangi ubavuni mwa tangi, herufi kubwa, ili hata mpita njia asome.

Kilundo alisimama tena uchaguzi ulipofika, maana watu wa aina yake hawaambiliki. Alishika nafasi ya tatu. Kavumbu, kilikozikwa kitovu chake, alipata kura kumi na moja, na hadi leo wanawake wa huko wakikutana kisimani huulizana hao kumi na moja walikuwa akina nani.