Kilemba Chekundu cha Mama

Eufemia alikuwa anakwenda kuolewa Mbeya, naye aliogopa jambo moja tu: kwamba huko mbali atasahau sura ya marehemu mama yao, ambaye hakuwahi kupigwa picha hata siku moja. Basi akamkokota mdogo wake Tekla, aliyefanana na mama kuliko mama mwenyewe, mpaka studio ya pale Iringa mjini.

"Mama alikuwa na kilemba chekundu, hiki ni cha kijani," Tekla alinung'unika.

"Picha haijui rangi. Wewe nuna tu, kama umeibiwa kuku."

Tekla akanuna. Mpiga picha akaingiza kichwa kwenye kitambaa chake cheusi, akabonyeza.

Picha ilipotoka, mama yao mdogo, Valeria, aliikuta mezani. Akapiga magoti.

"Kamwene, dada," akaisalimia. "Na kilemba chako chekundu!"

Eufemia akajiuma midomo. Tekla, ambaye hajui kujizuia, akaangua kicheko. Mama mdogo akamtazama yeye, akaitazama picha, akamtazama tena.

"Washenzi nyie," akasema, machozi yakimtiririka. "Mnamfufua dada yangu bila kuniita!"

"Utusamehe, mama mdogo. Tutaichana."

"Ichaneni muone!" Akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akaanza kutafuta viatu vyake. "Tekla, funga tena hicho kilemba, twende. Mimi na dada hatujawahi kupigwa picha pamoja. Na usicheke, mwanangu. Dada yangu alikuwa ananuna mpaka kanisani."