Chaji ya Kaka Mtu

Kila siku saa saba mchana fundi alifuta grisi mikononi kwa tambara, akaketi kwenye stuli mlangoni mwa gereji yake, akala huku akilitazama gari la mdogo wake. Lilikuwa jeupe, la umeme, na mdogo mtu aliliegesha hapo kwa ajili ya kivuli. Lilikuwa likifika na chaji asilimia thelathini na nne. Fundi akimaliza kula, lilikuwa na sabini na moja. Hakuna waya uliokuwa umeligusa.

Mdogo mtu akamleta mtaalamu kutoka ofisini kwao. Mtaalamu alifunga kipimo kwenye betri, akamwomba fundi ageukie ukutani, mshale ukalala. Akamwomba ageuke tena, mshale ukapanda.

"Ni kijicho," alisema mtaalamu. "Tena kizuri, hakikatikikatiki."

Kwenye fomu, mahali pa chanzo cha umeme, akaandika: kaka mtu. Akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.

Fundi hakubisha. Kijicho alikuwa nacho, na alikuwa na haki nacho. Yeye ndiye aliyemlea huyo bwana baada ya wazazi kufariki, akauza kigari chake pekee ili mwenzake asome. Tangu hapo, miaka ishirini na miwili, ametengeneza magari ya watu na kurudi nyumbani kwa miguu. Kinyozi hajinyoi. Sasa magari ya mafuta yalikuwa yamepigwa marufuku kuingia kisiwani, vipuri havionekani, na fundi mzima alikuwa akiziba pancha za mikokoteni. Gari la umeme lilihitaji kibali. Vibali walipewa watumishi wa ofisi ya usafiri kwanza, na baada ya watumishi hao, watumishi wengine. Ombi la fundi lilikuwa na mwaka wa tatu juu ya meza ya mdogo wake.

"Liko kwenye mchakato, kaka," mdogo mtu alijibu kila alipoulizwa, huku akipangusa kioo kwa kitambaa laini. Fundi alikionea wivu hata hicho kitambaa.

Habari zikasambaa ofisini. Wakubwa wakaanza kuleta magari yao mtaani kwa fundi, na majirani wakayatazama kutoka vibarazani. Vituo vya kuchajia vilivyoahidiwa vikafutwa kwenye mpango, maana mtaa ulikuwa unatosha.

Mke wa fundi alikuwa mgonjwa wa figo. Jumanne na Ijumaa alipaswa kusafishwa damu hospitalini, upande wa pili wa kisiwa, na mdogo mtu ndiye aliyempeleka. Mama huyo alikaa mbele, kiti kikiwa kimelazwa. Fundi alikaa nyuma.

"Asante shemeji, Mungu akuzidishie," mkewe alisema kila safari.

Amzidishie nini tena, fundi aliwaza, na gari likapanda mlima bila kuhema.

Ijumaa moja, walipofika katikati ya njia, mdogo mtu akakohoa kidogo.

"Kaka, nimefikiria sana. Damu ni nzito kuliko maji. Ombi lako nimelisaini leo asubuhi."

Akatoa karatasi mfukoni, akaipitisha nyuma. Fundi akaisoma mara mbili, na muhuri akaukagua. Moyo wake ukalegea wote kwa mara moja. Alimpenda mdogo wake kama zamani alipokuwa akimbeba mgongoni kuvuka madimbwi. Kwenye dashibodi namba ikashuka: sitini, ishirini na tano, nne. Gari likasimama kando ya machimbo ya kokoto.

Hakukuwa na gari jingine njiani. Uso wa mke wa fundi ulikuwa umevimba, na pumzi zilimtoka kwa shida. Akichelewa, mashine angepewa mgonjwa mwingine, na daktari alishasema kwamba bila mashine hiyo hataimaliza wiki.

"Jitahidi kunionea wivu, kaka."

"Najitahidi."

"Fikiria viti hivi vya ngozi."

"Si na mimi nitakuwa navyo?"

"Basi fikiria nyumba yangu."

"Nzuri, mdogo wangu. Umeijenga vizuri. Mungu akubariki."

Namba ikashuka hadi moja.

"Baba watoto," alisema mkewe akiwa amefumba macho, "mbona tumesimama?"

Fundi akakunja ile karatasi, akamrudishia mdogo wake.

"Chana."

"Kaka, nikichana, ombi linaanza upya. Miaka mitatu mingine."

"Chana, bwana! Humwoni mwenzangu hapumui?"

Mdogo mtu akaichana vipande vinne, akavitia mfukoni kwa mpangilio, maana ndivyo walivyofundishwa ofisini. Fundi alivitazama vile vidole safi, visivyowahi kuingia grisi, na kucha zilizokatwa vizuri. Taa za dashibodi zikawaka. Tatu. Kumi na tisa. Hospitali walifika wakiwa na themanini, na muuguzi alikuwa bado anaiandaa mashine.

Jumanne iliyofuata fundi alivaa shati safi, akamsaidia mkewe kuingia, akapanda nyuma. Mdogo mtu alikuwa na miwani mpya. Akakigeuza kioo cha ndani, akakiinamisha kidogo ili kaka yake amwone vizuri.

"Shemeji, umekaa sawa?"

"Nimekaa, shemeji. Mungu akuzidishie."

"Kaka, unaniona?"

"Nakuona," alisema fundi. "Twende."

Gari lilijaa chaji kabla hawajatoka mtaani.