Baba Kwenye Sanduku la Kulia

Mjomba Kishan alisema kwa desturi yetu Wahindu mwanamke hapeleki majivu ya marehemu majini. Nikamjibu kwamba basi baba atasubiri juu ya kabati mpaka nizaliwe upya nikiwa mwanamume, maana mtoto wake ni mimi peke yangu. Mjomba akanuna. Mama ndiye aliyeamua. Baba, mzee Ramniklal wa duka la pampu, alilipenda bwawa la Mtera kuliko hekalu lolote, kwa hiyo angeenda Mtera, na ningempeleka mimi kwa pikipiki yake.

"Ila umfikishe wote, Urvashi," mama aliniambia. "Usimwache hata kidogo njiani. Nikijua amefika wote, nitapata usingizi."

Tangu msiba alikuwa akikesha kitandani akitazama dari, na magoti yake hayakumruhusu kufuatana nami. Nikamwahidi. Mjomba, kwa kuwa hakutaka kushindwa kabisa, akaongeza lake: chungu cha majivu kikishafungwa kwa kitambaa chekundu, kisiguswe wala kutazamwa mpaka kifike ukingoni mwa maji. Nikaahidi na hilo.

Pikipiki ya baba ni lile dude la safari ndefu, pana kama ng'ombe mwenye mimba. Kabla hajafa alikuwa ameagiza masanduku mawili magumu ya alumini ya kufunga ubavuni, na yalikuwa bado ndani ya maboksi yake. Nikayapeleka Makole kwa fundi Stanley, ambaye watu wote wa pikipiki humwendea kwa kazi za kuchomelea.

"Mbukwa, dada," akanisalimia, macho yakiwa kwenye masanduku. Akalishika la kulia, akalisogeza ubavuni mwa pikipiki, akaguna. "Haya hayakutengenezewa pikipiki hii. Hili litakalia bomba la moshi. Nikate kona?"

"Kata."

"Na vishikio havilingani. Nitachomelea fremu nyingine."

"Chomelea."

"Unakwenda nayo wapi?"

"Mtera. Kuna mzigo."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa kila kitu, na hakuuliza tena. Mimi nami sikusema. Unamwambiaje fundi akupimie sanduku la baba yako? Nikaondoka.

Niliporudi kuchukua, kazi ilikuwa imesimama vizuri. Fremu nyeusi ya chuma, kona iliyokatwa imezibwa kwa bati na ribiti, bolti nene zimepenya mpaka ndani na nati zake zimejitokeza kama vifundo vya vidole. Chini ya kila sanduku kulikuwa na safu ya matundu, kila moja linatosha kupitisha kidole kidogo.

"Hivi vitundu ni vya nini, fundi?"

"Vya maji."

"Maji gani?"

"Yatoke, dada."

Kuuliza si ujinga, lakini kumuuliza fundi swali la tatu ni kutafuta ugomvi. Nikadhani ni maji ya mvua. Ulikuwa mwezi wa nane, na Dodoma mwezi wa nane hata umande hatuuoni, ila nilikuwa nimechoka, nikaona labda nayo ni elimu ya pikipiki ambayo baba hakunifundisha. Tena majivu yalikuwa ndani ya chungu. Matundu yangemfanya nini?

Kesho yake asubuhi niliweka chungu katika sanduku la kulia, nikakibana kwa taulo pande zote, nikafunga kifuniko kwa kufuli mbili. La kushoto nikalijaza chupa za maji ili uzito ulingane. Mama akaligusa sanduku, akaligusa paji la uso wake, akaingia ndani bila kuaga.

Mwanzoni pikipiki ilikwenda vizuri. Halafu, sijui ni baada ya kijiji gani, ikaanza kuvuta kushoto. Nikadhani ni upepo. Nikasimama, nikabonyeza tairi, nikatikisa fremu ya Stanley, nikazikaza bolti ambazo hazikuwa zimelegea. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikaendelea, ikavuta tena, na kila tuta la barabarani nikasikia kitu kikigonga upande wa kulia. Mkono ulikwenda kwenye kifuniko mara kadhaa. Nikakumbuka kisiguswe wala kutazamwa, nikaurudisha. Nilijihisi mjinga, sikujua ujinga wangu uko upande gani: wa kutii au wa kutaka kufungua.

Ukingoni mwa bwawa nikafungua. Kulikuwa na vigae, kitambaa chekundu kilichochanika, na vipande vichache vya mifupa. Nati moja ya Stanley ilikuwa na alama ya udongo wa chungu. Majivu yalikuwa yamekwisha.

Nikageuza taulo. Nikafungua hata sanduku la kushoto, nikatoa chupa moja moja, utadhani baba angeweza kuhamia upande wa pili. Akili iligoma kabisa. Nilikuwa nimemfunga mtu kwa kufuli mbili, sasa hayupo, na kufuli hazijaguswa.

Ndipo pikipiki ya wachuuzi wa samaki ikapita mbele yangu ikipanda barabarani. Ilikuwa na masanduku ya bati ubavuni, na chini ya kila sanduku safu ileile ya matundu, maji ya barafu yakichuruzika. Ikafuata nyingine. Zote zilikuwa kazi ya mkono wa Stanley.

Nikampigia simu, nikamfokea mpaka watu wakageuka.

"Sasa dada," akasema kwa mshangao wa kweli, "samaki watakaaje kwenye maji yao?"

"Alikuwa baba yangu, Stanley! Majivu ya baba yangu!"

Akasema taratibu, "Pole sana. Mzigo wa Mtera ni samaki, dada. Sijawahi kupewa kazi ya mzigo mwingine. Ungeniambia."

Nilitia mifupa majini, nikasema maneno ya sala niliyoyakumbuka, mengine nikayachanganya. Halafu nikageuza pikipiki kumtafuta. Kwenye kila tuta nilishuka nikainama. Majivu ya mtu na vumbi la barabara hiyo vina rangi moja, na upepo ulikuwa haupumziki. Mchungaji mmoja wa ng'ombe aliniona nimechuchumaa kando ya lami, akaja.

"Umepoteza nini, mama?"

"Baba yangu."

Akatazama huku na huku, akatazama pikipiki, akaniambia kwa upole kwamba hajapita mzee yeyote.

Njia nzima iliyobaki nilitunga uongo. Ningemwambia mama amefika wote, maji yalikuwa tulivu, alale. Nilipoingia uani alikuwa amekaa kibarazani, na kabla sijavua helmeti akauliza, "Amefika?"

Uongo wangu ulikuwa tayari mdomoni. Nikalia. Nikamweleza yote, matundu, nati, matuta, na kwamba hata sijui ni wapi chungu kilivunjika, hivyo sijui hata pa kwenda kumwombea. Nilisubiri anilaani.

Mabega ya mama yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Ramniklal," akasema. "Tangu anioe hajawahi kufika safari hata moja bila kushukashuka njiani. Salamu kwa huyu, pampu ya yule. Chakula kinapoa, mimi nangoja." Halafu kicheko kikageuka, akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu tumchome baba.

Alipomaliza akajifuta uso. "Kayatoe hayo masanduku. Nataka kukaa nyuma yako."

"Na magoti, mama?"

"Yatavumilia."

Stanley aliyafungua mwenyewe asubuhi, akamnyanyua mama kwa mikono miwili na kumketisha. Tukaishika barabara ya Mtera. Kwenye tuta la kwanza mama akanigonga begani nipunguze mwendo, nikapunguza, naye akainama upande wa kulia, akamsalimia baba kwa Kigujarati. Tuta la pili akafanya vilevile. Na la tatu.