Waya wa Mlangoni

Gona alikuwa bado amelala sakafuni, miguu mitupu, maji yametuama chini yake, na mlango wa sanduku la swichi uko wazi. Fondo alimfunika kwa gunia la mbata. Stima ilikuwa imeshazimwa, lakini hakuna aliyethubutu kuusogelea ule mlango.

Kilichomuua ni waya, na kila mtu pale kwenye kinu cha mafuta, Changamwe, alijua. Swichi zilipachikwa kwenye mlango wenyewe, kwa hiyo nyaya zake hupinda kila unapofunguliwa. Pahali kama hapo panataka waya laini, wa nyuzi nyingi nyembamba, unaokubali kupindwa. Wao wakafungiwa waya mgumu wa mshipa mmoja, ule wa kupigiliwa ukutani na kuachwa. Na ule laini ulikuwapo, hata katika shida ile ya vita! Ulikwenda nyumbani kwa bwana meneja, kwenye feni zake za mezani.

Fondo na Gona walipolalamika, nyapara Phineas aliwapa dawa: "Fungueni polepole." Basi wakawa wanaugusa ule mlango wa chuma kwanza kwa mgongo wa kidole, wajue kama unapiga, ndipo waufungue taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Asubuhi ile kinu kilisimama. Phineas akapiga kelele toka nje: "Gona! Fungua upesi, we! Bwana anakuja!" Gona akaushika kwa kiganja. Ngozi ya waya ilikuwa imepasuka penye bawaba.

Kesho yake wakaitwa barazani. Meneja alikuwa mgeni wa nchi, Kiswahili chake matusi matupu, kwa hiyo mkalimani ni Phineas. Kafedha, mke wa Gona, alikaa chini amejitanda kaniki. Kosa likiwa la marehemu, hapati kitu, na chumba cha kinu anakihama.

"Bwana auliza, Gona alifungua polepole?"

Swali lilikuwa la Fondo. Mkewe Mbeyu alikuwa amejifungua juzi, na chumba chao nacho ni cha kinu. Hata hivyo akasema.

"Hakufungua polepole kwa sababu wewe ulimhimiza. Na waya ule haufai mlangoni. Tulikwambia, Phineas."

Phineas akamgeukia meneja, akasema Kizungu, maneno mafupi. Meneja akaitikia kwa kichwa, akampa Fondo mkono. Fondo, masikini, akaupokea kwa mikono miwili, machozi yakimlenga kwa furaha ya kusikilizwa.

"Kafedha," Phineas akasema, "bwana anakupa pole. Shahidi amethibitisha kwamba marehemu alikuwa na pupa. Chumba ukitoe jioni."

"Shahidi yupi?" Kafedha aliinuka. "Fondo nimemsikia mimi, kwa masikio haya! Kasema ni waya! Kasema ni wewe!"

"Umemsikia kwa Kiswahili," Phineas akasema, akitazama chini. "Bwana amesikia kwa Kizungu."

Meneja alikuwa ameshaingia ndani. Fondo akaufuta mkono wake kwenye kaptura, akaufuta tena.