Namba Nane Hakutakiwa Kuitika

Waliponipa kipaza sauti mbele ya baraza la mji wa Brennick, nilikuwa na ombi moja tu: Lorna Kuiper abaki. Zamu ya mchana tulikuwa wawili katika chumba cha simu za dharura kilichojengwa kwa watu watano. Nyumba ikiungua, mtu akianguka bafuni, sisi ndio tunaopokea simu na kuwatuma askari. Lorna alikuwa amepata kazi kliniki ya meno. Aliniambia, "Wakituhesabu pamoja na askari kwenye hiyo posho mpya, nabaki. Wasipotuhesabu, naenda kuwapangia watu siku za kung'olewa meno."

Hawa watu wa baraza wanapenda tusahau, kwa hiyo nakumbusha. Mwaka wa mafuriko walituahidi mtu wa tatu. Meya aliyemtangulia huyu wa sasa akaahidi tena, akachaguliwa, akahamia Florida. Kwenye vitabu vya mji sisi ni makarani mpaka leo. Askari akichoka ni shujaa. Sisi tukienda chooni kwa zamu, ndio utaratibu.

"Askari mnawapa posho ili wasihame, vizuri," niliwaambia. "Wakishabaki, nani atawaambia waende wapi?"

Meya Brandsma akatabasamu. "Bernadette, tunawapenda mno. Si ndiyo maana leo tumewaletea piza?"

"Piza mmeipeleka kituo cha zimamoto, mheshimiwa. Sisi hatuwezi kuacha simu twende kula kwa jirani."

Watu wakacheka. Kengele ikalia: muda wangu umekwisha. Wakapiga kura. Askari, ndiyo. Chumba cha simu, mwakani.

Niliporudi nilimkuta Pruitt, askari aliyenishikia zamu, kaibeba simu kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wenyewe. Lorna alikuwa ameshaona yote kwenye televisheni ya mji.

"Umependeza," alisema. "Ila hilo koti, mama, ni la mazishi."

"Ndilo nililonalo."

"Basi livae na Ijumaa, siku yangu ya mwisho."

Nililivaa. Muda wake ulipokwisha, Lorna alifungasha kikombe chake na picha za wajukuu, akavaa koti lake zito, maana nje theluji ilikuwa inamwagika. Nikavuta redio karibu.

Kwetu askari akistaafu huitwa redioni kwa namba yake. Haitiki. Anaitwa tena, haitiki. Kisha tunatangaza kwamba amemaliza kazi, na magari yote yananyamaza kidogo kwa heshima yake. Makarani hawaitwi. Hajawahi kuitwa hata mmoja. Redioni Lorna alikuwa namba nane.

"Bernie, acha ujinga," Lorna alisema. "Mkuu wa askari anasikiliza."

"Na asikilize. Brennick inamwita namba nane."

Lorna alisimama mlangoni, macho yamemjaa maji.

"Brennick inamwita namba nane."

"Namba nane, nakupata," akajibu. Kwa sauti, kama alivyojibu maisha yake yote. Akaziba mdomo kwa kiganja, lakini kipaza sauti changu kilikuwa wazi.

Redio ikalipuka vicheko. "Ameitika!" Pruitt alipiga kelele kutoka garini. "Mama Lorna, aliyeitika yuko kazini! Vua koti!"

Lorna alicheka mpaka akaegemea ukuta. Na mimi nilicheka, na kwa kitambo kile niliamini kweli kwamba atavua.

Simu ikalia. Nikapokea: mzee, kifua kinambana, yuko peke yake. Kabla hajanitajia mtaa, laini ya pili nayo ikalia. Lorna akaitazama. Mkono wake ukanyanyuka, ukabaki hewani, kisha ukashika kitasa.

Simlaumu. Mkono ule mji umeutumia bure miaka mingi, na wajumbe walioukataa walikuwa wameshaondoka kwenda mapumziko ya mwisho wa wiki.

Mlango ukajifunga.

"Subiri, usikate," nilimwambia yule wa pili, mimi ambaye sijawahi kumwambia mtu asubiri. Sikusikia alichonijibu. Nilikuwa nimerudi kwa mzee, namwita, haitiki, namwita tena.