Kiti cha Mbele cha Gari la Marehemu Kondo

Tangu Kondo azikwe, wajane wake wawili walikaa eda katika nyumba moja huko Mwananyamala, chumba kinatazamana na chumba, na uani limesimama gari lake. Lilikuwa la Mzungu mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Sasa kutu imelila hadi sakafuni, ukikanyaga unaona mchanga, na kuku wa bi mkubwa, Mwanabaraka, wanatagia chini ya usukani.

"Liuzwe!" Mwanabaraka alisema kila asubuhi, kwa sauti ya kupita ukutani. "Bati bovu lile linanichefua."

"Haliuzwi," alijibu Zuena, mke mdogo. "Marehemu alilipenda."

"Alikupenda wewe, umekaa mbele na wanja wako! Mie nyuma na magunia ya nazi, kama nami napelekwa kuuzwa Kariakoo!"

Zuena alicheka kwa makusudi, asikike. Kiti kile cha mbele kilikuwa chake. Ngozi yake imechanika upande wa mlango, pale alipozoea kushika gari likiruka mashimo. Kila akichungulia dirishani akakiona, alijua kuna kitu kimoja alichomshinda mke mwenzake. Kikiondoka abaki na nini? Mtoto hana.

Siku moja shemeji yao, Shomari, akaja na mnunuzi wa vyuma chakavu. Alijua wenye eda hawatoki mbele ya wanaume, akadhani hakuna wa kumzuia. Mnunuzi akataka asikie injini kwanza. Wakatafuta hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini, wasiione.

"Shemeji Zuena!" Shomari aliita mlangoni. "Hendeli iko wapi?"

"Ingia uitafute, kama huna haya!"

Shomari akaondoka na mtu wake, anasaga meno. Humo ndani, Zuena alikuwa ameikalia.

Eda ikaisha. Wakaoga, wakavua nguo za eda, na Shomari akarudi na mtu wake. Mwanabaraka akawa wa kwanza kujitokeza uani. Hakumsalimu mtu. Alifukuza kuku, akafungua mlango wa gari, akaketi kiti cha mbele, akajitandaza, akaiweka kanga yake sawa mapajani.

"Kumbe hivi ndivyo mlivyokuwa mkiiona njia!" alisema. "Basi haliuzwi tena. Nitachambulia mchele humu, nitasukiwa nywele humu. Aliyezoea mbele akakae nyuma."

Zuena aliona kama kapigwa kofi. Alikimbilia chumbani, akatoka na hendeli, akaitupa miguuni pa Shomari.

"Uza! Leo hii!"

Mnunuzi akazungusha mpaka jasho likamtoka. Gari likakohoa, likatoa moshi, likanguruma.

"Bibi, shuka," alimwambia Mwanabaraka.

"Nishuke niende wapi? Lichukue na mie ndani."

Mnunuzi akamtazama Shomari, akajifuta mikono kwenye suruali, akaenda zake.

Zuena alibaki amesimama mbele ya gari. Mwanabaraka akanyoosha mkono taratibu kwenye honi ya mpira, akaiminya kwa nguvu. Ilikuwa bado inalia.

"Pisha njia," alisema.