Chai ya Mama Nsimire

Mwaka wa 1995 Arsène alikwenda kuposa peke yake. Kiwanda alimokuwa akichomelea vyuma kilikuwa kimefungwa, na sasa alitengeneza baiskeli kando ya soko la Likasi. Ndugu zake wote walikuwa Kivu, na treni siku hizo ilikuja ilipotaka yenyewe. Basi aliingia kwa mzee Édouard, baba yake Noëlla, akiwa na shati lililopigwa pasi na mfuko mdogo wa kitambaa.

Noëlla aliketi karibu na baba yake. Kwenye kiti kikubwa alikaa shangazi yake, mama Émérence, mwenye neno la mwisho katika ndoa za ukoo ule.

"Batu yako beko wapi?" mama Émérence aliuliza kabla mgeni hajatulia.

"Beko ku Kivu, mama. Njia iko mubaya. Mama yangu alituma hii."

Arsène akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na majani makavu, meusi, yaliyojisokota.

"Muntu anakuja kuomba mutoto yetu na majani?"

"Ni chai, mama."

"Chai tunajua. Iko unga, ya ku paketi. Hii iko sawa vile takataka ya kufagia."

Noëlla aliinamisha kichwa. Haikuwa zamani sana tangu majirani wafukuzwe mjini kwa sababu ya walikotoka baba zao, na aliogopa shangazi angetamka neno lisilorudishika.

"Yaya," mzee Édouard alimwambia dada yake mkubwa taratibu, "tuonje kwanza."

Mama Émérence akaingia jikoni, akatia maji na majani pamoja kwenye sufuria. Arsène alimfuata hadi mlangoni.

"Pardon, mama. Tusiitokoteshe. Maji ichemuke yenyewe, njo tunaimwanga ku majani, tunafunika."

"Utanifundisha kupika?"

"Hapana, mama. Na miye, mama yangu njo alinifundisha."

Noëlla alichukua sufuria mikononi mwa shangazi yake, akayachuja yale majani kabla maji hayajapata moto, akaanza upya kama Arsène alivyosema. Chai ilipokuwa imefunikwa, mzee Édouard akauliza inatengenezwaje.

Arsène alianza akiona haya, kisha maneno yakafunguka. Kwao ni juu sana mlimani, alisema. Ukungu unakaa mpaka jua limepanda, na baridi inafanya jani likue polepole, ndiyo sababu harufu inajaa ndani yake. Mama yake huchuma ncha changa tu, kichipukizi na majani mawili, kutoka michai michache iliyo nyuma ya nyumba. Huyatandaza kwenye ungo usiku mzima yalegee, asubuhi anayasugua viganjani mpaka yatoe maji. Huyaacha yageuke rangi na kunukia kama tunda lililoiva, halafu anayakausha juu ya makaa madogo.

Noëlla akamimina. Chai ilikuwa nyekundu, angavu, hata kitako cha kikombe kilionekana. Sukari ilikuwa haijaingia nyumba ile tangu Pasaka, kwa hiyo walikunywa hivyo hivyo. Ilikwaruza ulimi kidogo, kisha ikaacha utamu kooni.

Mama Émérence alimaliza kikombe. Akaongezewa.

"Mama yako mwenyewe njo alichuma?"

"Njo yeye. Na mikono yake."

"Na mugongo yake?"

"Inamuuma, mama. Lakini hakubali mutu mwingine aiguse."

Mama Émérence aliweka kikombe chini.

"Basi haukukuja peke yako," alisema. "Lakini pa posa baba lazima akuwe. Tafuta mzee mumoja wa parokia asimame pa nafasi yake, mukuje nyuma, mvula ikiisha."

Noëlla alitoka nje haraka. Mzee Édouard alimsikia akicheka uani.

Walifunga ndoa kiangazi cha mwaka uliofuata. Mama Nsimire, mama yake Arsène, alivuka ziwa kwa meli, akapanda treni Kalemie, akafika amechoka, amevimba miguu, akilalamikia vumbi la Likasi. Usiku wa kuamkia harusi alikaa uani na mama Émérence, wakichambua mboga za lengalenga. Kila mmoja alikuwa na Kiswahili chake. Palipokwama waliulizana, wakacheka, wakaendelea.